Moyo unaokimbia: namna wanganga wanavyoingiza sonda ndani ya moyo, na mambo ambayo kila mama ajue



Katika kliniki ya watoto, na katika kliniki ya mama wenye mimba, tunasikia neno hili mara nyingi: "Mama, moyo ya mutoto yangu inakimbia." Mwingine anasema, "Moyo yangu inaruka-ruka sawa samaki ndani ya wavu." Tena wako mama ambao wamesikia habari kwa ndugu zao walio Bukavu, Kampala au Dar es Salaam, kwamba kuna wanganga wanaopitisha kamba nyembamba katika paja mpaka ndani ya moyo, wakachoma ugonjwa kule ndani, na mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Basi wanatuuliza: Je, ni kweli? Mtu hafi? Na sisi wa Kasongo na Kabambare, tuuze shamba tupeleke mutoto kule?

Hayo ni maswali ya mama wenye akili. Tutayajibu moja moja. Usome polepole, na mwenzako asiyejua kusoma, umsomee.

1. MOYO UNAPIGA NAMNA GANI?

Mungu aliumba moyo kama pampu. Ukubwa wake ni sawa ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vine: viwili juu, viwili chini. Moyo wa mtu mzima unapiga karibu mara 100,000 kwa siku moja, usiku na mchana.

Nani anauambia upige? Katika chumba cha juu, upande wa kuume, kuna fasi ndogo inayotoa umeme kidogo sana. Fikiri ngoma ya kupasha habari, ile ya wazee wetu. Mpiga ngoma mkubwa anakaa juu ya mlima. Akipiga, vijiji vya juu vinasikia na kufanya kazi. Halafu habari inafika kwenye mlango mmoja tu, katikati ya moyo. Pale kuna mlinzi. Mlinzi anaizuia habari kidogo, ili vyumba vya juu vimalize kumwaga damu, halafu anaipitisha kwa vijiji vya chini. Hivyo moyo wote unapiga kwa utaratibu.

Lakini watu wengine wamezaliwa na njia ya pili, njia ya panya, isiyopita kwa mlinzi. Habari inashuka kwa mlango, inapanda tena kwa njia ya panya, inashuka tena, inapanda tena. Inazunguka bila kupumzika. Mpiga ngoma hasikilizwi tena. Ndiyo maana moyo unaanza kukimbia ghafula mapigo 180, 200 au zaidi kwa dakika moja. Wanganga watatu, Wolff, Parkinson na White, waliandika juu ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo mwaka 1930, na mpaka leo unaitwa kwa majina yao.

Si uchawi, mama. Si jicho la jirani. Ni njia ndogo ya nyama isiyozidi unene wa uzi, ambayo ilibaki tangu mtoto alipokuwa tumboni.

2. MOYO UKIKIMBIA, SI KILA MARA NI UGONJWA WA MOYO

Neno hili ni kubwa kupita yote, usilisahau. Hapa kwetu, mtoto ambaye moyo wake unakimbia, mara nyingi ana kitu kingine:

– Homa ya malaria au homa nyingine. Moto wa mwili ukipanda digri moja, mapigo yanaongezeka karibu 10 kwa dakika.
– Damu kidogo. Malaria na minyoo vinamaliza damu. Moyo unakimbia ili damu ile kidogo izunguke upesi.
– Kuhara na kutapika. Maji yamekwisha katika mwili.
– Ugonjwa wa mapafu. Mtoto anapumua upesi, na moyo unafuata.

Basi usiseme mara moja, "Ni moyo." Umlete apimwe damu na moto. Ukitibu malaria na kurudisha damu, moyo unatulia wenyewe.

Mama mwenye mimba naye ajue: mimba inaongeza mapigo 10 mpaka 20 kwa dakika, kwa sababu moyo unafanya kazi ya watu wawili. Hiyo peke yake si ugonjwa. Lakini ukikosa pumzi ukilala chali, au miguu ikivimba pamoja na kukohoa usiku, uje upesi.

Namna ya kuhesabu mapigo: Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kwa mtoto mchanga, weka sikio au mkono juu ya kifua. Tazama saa, au saa ya telefone, uhesabu dakika moja nzima. Mtoto awe ametulia, asiwe analia. Hesabu ya kawaida ni hii:

– Mtoto wa ziwa: 100 mpaka 160.
– Mtu mzima anayepumzika: 60 mpaka 100.

Mtoto wa ziwa akipita 220, na mtoto mkubwa akipita 180, wakati ametulia, hiyo ni hatari. Uandike hesabu katika karti ya kilo, na saa uliyohesabu.

3. ALAMA ZA NJIA YA PANYA

Homa inapandisha mapigo polepole, nayo yanashuka polepole. Lakini ugonjwa wa njia ya panya unaanza ghafula, kama mtu amewasha taa, na unakwisha ghafula, kama mtu ameizima. Mtoto mkubwa atakuambia, "Mama, kifua yangu inatetemeka." Mtoto mchanga hajui kusema. Yeye anakataa ziwa, anatoka jasho akinyonya, anakuwa mweupe, anapumua upesi, analala kama mlevi. Asipotibiwa siku moja au mbili, moyo unachoka.

Neno lingine: si kila anayeanguka ana kifafa. Mtoto akianguka wakati anakimbia, au wakati wa hofu, akapoteza akili na kuamka baada ya dakika kidogo, labda moyo ulipoteza utaratibu. Vilevile kama katika ukoo wenu vijana wamekufa ghafula bila kuugua, utuambie. Usione haya. Usimfungie mtoto nyumbani kwa kusema ni kifafa cha ukoo.

4. SONDA NI KITU GANI?

Sonda ni mpira mwembamba, mrefu, wenye tundu ndani au nyuzi za chuma ndani. Mama wengi wamekwisha kuona sonda ya mkojo. Sonda ya moyo ni ndugu yake, lakini ni nyembamba na inapindika vizuri zaidi.

Mtu wa kwanza kuthubutu alikuwa munganga kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde. Mkubwa wake alimkataza. Vyombo safi vya upasuaji vilikuwa mkononi mwa mwuguzi mmoja, Gerda Ditzen. Mama huyu alikubali kutoa vyombo, akasema, "mimi nitakuwa mgonjwa." Forssmann akamfunga juu ya meza kama kwamba atamfanyia yeye, kumbe alikuwa anajipasua mkono mwenyewe na kuingiza sonda ya mkojo katika mshipa wake, sentimetre 65. Halafu wakatembea pamoja mpaka chumba cha radio, na picha ikaonyesha kwamba ncha ya sonda imefika moyoni. Hakufa. Mwaka 1956 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wanganga wengine wawili. Kabla ya hapo wanganga wengi walifikiri kwamba kugusa moyo wa mtu aliye hai ni kumwua.

Leo kazi inafanywa hivi: Mgonjwa analala juu ya meza. Anapata dawa ya kuzuia maumivu, na mtoto analazwa usingizi. Munganga anachoma sindano katika mshipa mkubwa wa kinena, anaingiza sonda moja, mbili au tatu, anazisukuma polepole mpaka moyoni. Ncha za sonda zinasikia umeme wa moyo, kama vile sikio linavyosikia ngoma. Munganga anatafuta: njia ya panya iko wapi? Akiipata, anatia moto kidogo katika ncha ya sonda, na kuchoma fasi ya milimetre chache tu. Nyama ile inakufa, njia inafungwa. Mpiga ngoma anasikilizwa tena.

5. MAGUMU YA KAZI HIYO, NA NAMNA WANGANGA WALIVYOYASHINDA

Usifikiri kwamba ni kazi rahisi. Wanganga wamepata magumu mingi, na kwa kila moja wametafuta njia.

Kwanza, kuingia. Mshipa wa mtoto ni mdogo, na mishipa ya wengine imepindana. Sindano inaweza kukosa na kutoboa mshipa wa damu inayotoka moyoni. Sasa wanatazama mshipa kwa mashine ya ekografi kabla ya kuchoma. Kwa mtoto mdogo sana wanangojea, wakimpa dawa ya kunywa, mpaka afike karibu kilo 15, ikiwa dawa inamsaidia. Tena watoto wachanga wengi wenye ugonjwa huu wanapona wenyewe kabla ya mwaka mmoja kwisha.

Pili, kuona. Radio inaonyesha sonda, lakini moyo wenyewe unaonekana kama kivuli tu. Tena radio si nzuri kwa mtoto, wala kwa mimba. Katika miaka ya 1990 zilitengenezwa mashine zinazochora moyo kama karta ya inchi, zikionyesha kila mto na kila njia, bila radio mingi. Lopitali nyingine leo wanamtibu mama mwenye mimba bila radio kabisa, lakini wanafanya hivyo tu kama hatari ni kubwa na dawa zimeshindwa.

Tatu, kufika upande wa kushoto. Mshipa wa kinena unaingia upande wa kuume wa moyo. Kama njia ya panya iko kushoto, kuna ukuta katikati. Munganga anatoboa ukuta ule kwa sindano ndefu, na tundu dogo linaziba baadaye. Akikosea fasi, damu inaweza kumwagika ndani ya mfuko unaozunguka moyo na kuubana. Kwa hiyo anatazama kwa ekografi, na sindano ya kuvuta damu iko tayari kando yake.

Nne, kukaa imara. Moyo unaruka, mapafu yanapanda na kushuka, sonda inateleza kama mguu wa mtu juu ya daraja la mti lenye mvua. Sasa kuna mipira ya nje inayoshika sonda na kuigeuza vizuri. Pia kuna sonda ya baridi: badala ya kuchoma inagandisha, na ncha yake inashikana na nyama kama ulimi juu ya barafu, haiwezi kuteleza.

Tano, moto wenyewe. Mwaka 1982 wanganga wa Marekani walitangaza kwamba wameweza kuharibu fasi mbaya kwa kupiga umeme mkali ndani ya moyo kwa njia ya sonda. Uliponya wengine, lakini ulikuwa kama kuua panya kwa kuchoma nyumba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 wakaanza kutumia umeme wa namna nyingine, unaotia joto polepole. Karibu digri 50 zinatosha kuua nyama ile ndogo. Lakini joto likizidi, damu inaganda juu ya ncha kama uji chini ya chungu, na donge likitoka linaweza kwenda kichwani. Kwa hiyo sonda nyingine zina matundu madogo, na maji ya chumvi yanapita ndani yake na kupoza ncha.

Sita, ugonjwa kujificha. Mtoto amekimbia moyo mwezi mzima, lakini siku ya kazi moyo umetulia. Utachoma nini? Hapo munganga anauchokoza moyo kwa umeme mdogo au kwa dawa, mpaka ugonjwa ujionyeshe. Akikwisha kuchoma, anauchokoza tena na kungojea. Kama haurudi, amemaliza.

Saba, mlinzi wa mlango. Mara nyingine njia mbaya iko karibu sana na ule mlango wa katikati. Ukichoma mlinzi, habari haipiti tena chini, moyo unapiga polepole sana. Mgonjwa atahitaji mashine ndogo chini ya ngozi ya kifua, yenye jiwe kama la tochi, ya kuamsha moyo maisha yote. Jambo hili halifiki mgonjwa mmoja kati ya 100 kwa magonjwa mengi ya namna hii. Munganga mwangalifu anajaribu kwanza kwa sonda ya baridi kidogo. Akiona mlinzi anachoka, anaacha, na nyama inapata nguvu tena. Wakati mwingine anaamua kutochoma kabisa. Hiyo nayo ni hekima.

Kwa mtu mwenye njia ya panya, kazi hii inaponya zaidi ya 90 kati ya 100. Kwa magonjwa mengine ya mapigo, hasa yale ya watu wazee au yanayofuata moyo ulioharibika, inaponya wachache zaidi, na pengine lazima kurudia.

6. JE, TUUZE SHAMBA?

Hapa Kasongo na Kabambare hakuna chumba cha kazi hii. Kampala, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago, na Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, wanganga wanaingiza sonda ndani ya moyo. Lakini si kila kazi ya sonda inafanywa kila fasi na kila siku. Safari ni ya barabara mbaya, ya mito, ya mipaka na ya feza mingi.

Basi shauri letu ni hili:

a) Usiuze kitu kabla moyo haujaandikwa kwa mashine ya ECG. Karatasi ile, hasa ikiandikwa wakati moyo unakimbia, ndiyo inayosema kama kuna njia ya panya au hapana.
b) Uulize, je, dawa za kunywa zinaweza kutosha? Wengi wanaishi vizuri kwa dawa peke yake.
c) Munganga wako aulize kwanza lopitali ile, kwa telefone au kwa barua: Mnafanya kazi hii? Kwa feza ngapi? Lini?
d) Mtu anayeanguka na kupoteza akili, au mtoto ambaye moyo wake unachoka, huyo ndiye wa kutangulia. Ukoo na kanisa wakae pamoja juu yake, mama asibebe mzigo huu peke yake.

7. MAMBO TUNAYOWEZA KUFANYA HAPA HAPA

Wanganga wa nchi nyingi wanajua jina la Kasongo, kwa sababu ya kazi ya vituo vya afya iliyoanza hapa katika miaka ya 1970. Mwaka 1981 gazeti kubwa la wanganga wa Uingereza lilitangaza habari za Mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa hapa. Mama waliobeba watoto wao kwenda kuchanjwa walifundisha dunia. Basi tusidharau vitu vidogo vilivyo karibu.

Koo. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 mwenye koo linalouma na homa, umlete. Koo lisilotibiwa linaweza kuleta ugonjwa wa viungo, na ugonjwa ule unauma milango ya moyo. Baada ya miaka, moyo ule unapanuka na kupoteza utaratibu kabisa. Penisilini ya bei ndogo inazuia jambo ambalo sonda ya bei kubwa haitengenezi vizuri. Aliyekwisha kuumwa, apate sindano yake kila wiki 3 au 4, bila kukosa hata akijisikia mzima.

Moyo ukianza kukimbia ghafula kwa mtu mkubwa au mtoto anayesikia maneno. Katika kituo cha afya, akae nusu kulala, apulize kwa nguvu katika bomba la sindano la mililitre 10, lisilo na sindano, sekunde 15, kana kwamba anasukuma mti wake. Halafu alazwe chali upesi na miguu iinuliwe. Mwaka 2015 wanganga wa Uingereza walionyesha kwamba namna hii ilirudisha moyo wa watu wazima 43 kati ya 100. Kupuliza bila kulazwa na kuinua miguu kulirudisha 17 tu. Kwa mtoto mchanga, mwuguzi ataweka kitu cha baridi sana juu ya uso kidogo. Mama asijaribu peke yake kumwaga maji puani, wala kubonyeza macho ya mtoto. Macho yanaweza kuharibika.

Vitu vya kuacha. Usichanje chale juu ya kifua, usimpe mtoto dawa ya mizizi kwa njia ya nyuma. Mtu mwenye ugonjwa wa mapigo asinywe lutuku. Wala asinunue kinini sokoni, kwa sababu kinini inagusa umeme wa moyo. Amwambie mwuguzi kwanza, "Niko na ugonjwa ya moyo," ndipo apate dawa ya malaria inayomfaa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Moyo unaokimbia: tazama kwanza homa, damu, maji na mapafu.
2. Kinachoanza ghafula na kwisha ghafula, uhesabu na kuandika.
3. Mtoto mchanga anayekataa ziwa na moyo umepita 220: uje leo, usingoje kesho.
4. Anayeanguka si lazima awe na kifafa.
5. ECG kwanza, kuuza shamba baadaye.
6. Tibu koo, linda moyo.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KIKUNDI

Mapigo ya mtoto wako ni ngapi akilala? Nani katika kijiji chenu ana saa au telefone ya kuhesabia? Njia ya kwenda kituo cha afya usiku ni ipi, na nani atakusindikiza?

Mama, jibuni maswali haya leo, kabla ya siku ya hatari. Na Mungu aliyetupa akili ya kutengeneza sonda, ndiye aliyekupa wewe mkono wa kuweka juu ya kifua cha mtoto wako na kuhesabu. Uutumie.